Penseli ya Kahawia

Nilipoanza kazi kliniki ya macho, mwaka 1987, kifaa cha kwanza nilichokabidhiwa hakikuwa na waya wala balbu. Kilikuwa kikopo cha bati cha penseli za rangi, kifuniko kimeshika kutu pembeni, na ndani yake penseli ambazo nyingi zilikwisha kuchongwa hadi zikabaki urefu wa kidole gumba. Nyekundu ilikuwa ya ateri, na ya retina iliyotulia mahali pake. Buluu ilikuwa ya vena, na ya retina iliyobanduka. Kijani ilikuwa ya ukungu unaoelea katikati ya jicho. Njano, ya majimaji yenye mafuta yaliyovuja na kuganda. Kahawia ilikuwa ya mambo ya nyuma zaidi, kwenye koroidi, lile tabaka la mishipa ya damu na rangi linalolala chini ya retina na kuilisha.

Penseli ya kahawia ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Haikutumika mara nyingi, na siku ilipotumika chumba kilikuwa kimya.

Waliopita kliniki za macho za miaka ile watakikumbuka chumba chenyewe: dirisha limezibwa kwa blanketi la hospitali, lile la kijivu linalowasha, harufu ya spiriti imechanganyika na harufu ya nguo zilizosafiri kwenye basi tangu alfajiri, feni imezimwa isije ikapeperusha karatasi, na balbu ya taa ya kichwani ikimchoma daktari kipaji cha uso mpaka jasho likamdondokea kwenye ncha ya pua. Mgonjwa alilala chali, mboni zimepanuliwa kwa matone, na daktari alikizunguka kichwa chake taratibu kama mtu anayechungulia kisima kutoka kila upande. Mkononi alishika lenzi ya dayopta 20. Picha inayoonekana ndani ya lenzi ile imepinduka, juu iko chini na kulia kuko kushoto, kwa hiyo karatasi ya kuchorea tuliilaza kifuani pa mgonjwa ikiwa imepinduliwa nayo, ili tuchore kile kile tunachokiona, na tukiigeuza kila kitu kirudi mahali pake. Ilinichukua miezi kuzoea. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nikiona hata mlango wangu kama umesimama kichwa chini.

Karatasi ilikuwa na duara lililogawanywa kama uso wa saa, maana sehemu za jicho hutajwa kwa saa. Daktari aliandika 11, mimi nikasoma saa tano. Mshale ulikuwa uleule.

Daktari huyo alikuwa mgeni aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili akakaa kumi na mmoja, na Kiswahili chake alikipata sokoni, si darasani. Jambo alilonisisitizia kuliko yote ni kwamba nisianze na doa. Nianze na mishipa. Mishipa ya damu ya nyuma ya jicho hutoka kwenye diski, yaani kichwa cha neva ya jicho, ikatambaa na kugawanyika panda baada ya panda, na hakuna macho mawili duniani yenye panda zinazolingana. Mishipa hiyo haihami. Ukiichora sawasawa panda iliyo karibu na ukingo wa doa, umepigilia kigingi cha mpaka. Mwaka ujao ukikuta doa liko palepale mbele ya kigingi, salama. Likikivuka, limekua. Kipimo chetu kilikuwa ile diski yenyewe, ambayo upana wake ni kama milimita 1.5; tuliandika doa ni diski mbili kwa diski moja na nusu, na umbali wake kutoka kwenye panda ni nusu diski. Rula nyingine hatukuwa nayo.

Siku hizi hakuna penseli. Kijana anakaa kwenye kiti chenye magurudumu, anabonyeza mara moja, na jicho limeshajaa kwenye kioo.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, ambaye kwake niliitumia kahawia mwaka 1989. Alikuja kwa ajili ya mtoto wa jicho lake la kushoto. Doa tulilikuta kwenye jicho la kulia, ambalo halikuwa na shida yoyote na ndilo alilolitegemea kuona nyavu zake. Lilikuwa upande wa juu, saa tano hivi, karibu na panda ya mshipa mwembamba uliopinda kama ndoana. Daktari alimweleza kwamba kuna baka, kama baka la ngozini, ambalo pengine halitamdhuru maisha yake yote, ila lazima litazamwe kila mwaka. Mzee akauliza liko wapi. Nikamwonyesha mchoro. Aliushika mbali kidogo na uso, akautazama, mishipa yake myekundu na ya buluu iliyosambaa kama mikondo ya maji, na lile doa la kahawia pembeni, akasema, “Kumbe ni kisiwa.”

Akawa anakuja kila mwaka baada ya kusi. Shikamoo yangu ilikuwa haijaisha mdomoni yeye ameshauliza, “Sista, kisiwa kimehama?” Namjibu, “Bado hatujaangalia, Mzee, lala kwanza.” Kisha nusu saa nzima gizani, daktari akiangaza, mimi nikichora, yeye akisimulia bei ya nguru na mtoto wake aliyeko Mombasa asiyeandika barua. Baadaye nilikuwa nautoa mchoro wa mwaka uliopita kwenye faili la kaki, nauweka juu ya ule mpya, nainua blanketi la dirishani kidogo na kuziinua karatasi zote mbili kwenye mwanga wa jua. Ndoana juu ya ndoana. Ukingo juu ya ukingo. “Hakijahama, Mzee.” Michoro ilifika tisa kabla hajafariki, kwa kitu kingine kabisa, kifua.

Namkumbuka kwa sababu doa lake lilikuwa gumu kuliona, na ugumu huo watu wa nje hawakuujua. Vitabu tulivyosomea vilichapwa Ulaya na Marekani, na jicho la kwenye kitabu lilikuwa na nyuma ya rangi ya chungwa bivu, doa la kahawia likajitokeza juu yake kama kisiki kwenye mchanga. Macho ya watu wetu hayako hivyo. Nyuma yake ni kahawia tangu mwanzo, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa kuwa melanini iliyoko kwenye ngozi iko pia kwenye koroidi. Doa la kahawia juu ya kahawia huonekana kama kivuli cha wingu juu ya bahari: ukikitazama sana kinapotea, ukikitazama kwa pembeni kipo. Kujifunza kukiona kulihitaji macho elfu, na hakuna kitabu kilichosaidia.

Mengi ya madoa meusi tuliyoyakuta hayakuwa uvimbe wa namna yoyote. Lilikuwa kovu la toksoplasma, jeupe katikati, limezungushiwa pindo jeusi. Lilikuwa jua jeusi la mtu mwenye selimundu, ambaye damu ilimvuja pembeni mwa retina zamani bila yeye kujua, ikaacha alama yenye miale. Lilikuwa bapa jeusi kama wino lenye kingo kali, ambalo mtu huzaliwa nalo na kuzikwa nalo. Au lilikuwa nevasi, baka kama lile la mzee wangu. Melanoma, saratani yenyewe, kwa watu weusi ni adimu mno. Hata miongoni mwa watu weupe wa Marekani hupatikana kwa kama watu 5 au 6 katika kila milioni kwa mwaka. Lakini pwani yetu ina watu wa kila nasaba, na wazee walioletwa na wajukuu zao walikuwa Waswahili, Waarabu, Wahindi, mapadri wa Kizungu waliozeekea huku, na kwa kila mmoja wao swali lilikuwa lilelile: doa hili lina umri gani?

Hilo ndilo gumu la jicho la uzeeni. Mtu hutazamwa nyuma ya jicho kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 65 au 70, kwa sababu hajawahi kuumwa macho. Doa linaweza kuwa limekaa naye miaka 50 limelala. Linaweza kuwa limeanza juzi. Na melanoma nayo huwapata zaidi watu wa umri huohuo. Doa halina cheti cha kuzaliwa. Tuliyoyatafuta ni yale yanayofanana na cheti: vijiwe vidogo vya manjano juu yake, druseni, ambavyo hujikusanya polepole kwa miaka na miaka. Doa lenye druseni mgongoni limezeeka pamoja na mwenyewe. Tukiziona, daktari alikuwa akishusha pumzi hata mimi nikaisikia.

Mwaka 1991 ilikuja kamera. Ilikuwa ya mitumba, ya Zeiss, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kamera za namna hiyo tangu mwaka 1926, na ilifika ndani ya kreti la mbao lililojaa maranda yenye harufu ya msonobari. Tuliifungua kama watu wanaofungua mahari. Niliwahi kusoma baadaye kwamba Waingereza wawili, Jackman na Webster, walipiga picha ya nyuma ya jicho la mtu hai mwaka 1886, na kwamba yule mtu ilimbidi atulie dakika mbili na nusu. Yetu ilitaka kufumba na kufumbua tu. Kidevu kwenye kikalio, kipaji cha uso kwenye ukanda, tazama ile taa nyekundu, usipepese, tulia hivyohivyo. Halafu ule mwale mweupe, na mgonjwa anasema dunia nzima imegeuka zambarau.

Filamu za slaidi, picha 36 kila mkanda, tulizihifadhi kwenye friji pamoja na matone. Kuzisafisha hatukuweza hapa, basi tulimkabidhi yeyote aliyekuwa na safari ya Nairobi au Ulaya, tukamwombea safari njema kuliko jamaa zake walivyomwombea. Majibu yalirudi baada ya wiki sita. Katika picha 36 labda 20 zilifaa. Nyingine ni kope, nyingine ni giza, nyingine nusu mwezi mweupe mahali mboni ilipokataa kupanuka. Zile nzuri, lakini! Nilizipanga kwenye kisanduku cha mwanga mbili mbili, moja imepigwa kutoka kushoto kidogo na ya pili kutoka kulia, nikazitazama kwa lenzi pacha, na jicho likainuka kutoka kwenye kioo likawa bakuli lenye kina. Doa bapa lililala kwenye sakafu ya bakuli. Doa lenye unene lilisimama kama kichuguu. Penseli haikuwahi kunipa hilo.

Tulipiga pia zile za fluoresini. Rangi ya machungwa iliyodungwa kwenye mshipa wa mkono, taa ya buluu, filamu nyeusi na nyeupe, na mimi nikihesabu sekunde kwa sauti huku nikipiga picha moja baada ya nyingine, mishipa ya jicho ikiwaka kama mji unaorudishiwa umeme baada ya mgao. Njia hiyo waliitangaza wanafunzi wawili wa udaktari huko Indiana, Novotny na Alvis, mwaka 1961, na jicho la kwanza kupigwa lilikuwa la Alvis mwenyewe. Wagonjwa wetu tuliwaonya mapema kwamba ngozi itakuwa ya manjano hadi jioni na mkojo utakuwa wa rangi ya Fanta, na bado kuna bibi aliyerudi kesho yake na ukoo mzima kuuliza tumemnywesha nini. Filamu hizo tulizisafisha wenyewe kwenye chumba cha giza cha eksirei. Harufu ile ya dawa, kali, ya siki na kiberiti, ilikaa kwenye nywele zangu siku mbili. Leo nikiisikia mahali, na ni nadra sana, nasimama.

Pwani haikuzipenda slaidi. Unyevu uliingia kwenye masanduku, ukungu ukaota juu yake kwa nyuzi nyembamba mithili ya mizizi. Siku moja daktari kijana alimwambia mama mmoja kwamba kuna doa jipya jichoni mwake. Mama akakaa usiku mzima akilia. Asubuhi tukaitazama slaidi kwa jua, tukakuta ni ukungu.

Kwa hiyo sitaki mtu anidhanie nalilia zamani. Kuna jicho moja linalonizuia.

Lilikuwa la bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70, mwenye duka la viungo, mcheshi, mwenye kuvaa miwani miwili kwa mkupuo. Jicho lake moja liliingia giza ghafla. Tulipochungulia tuliona mlima mweusi uliotuna nyuma ya retina. Mchoro wangu ulikuwa mzuri. Niliitumia kahawia mpaka penseli ikavunjika ncha. Kamera ilikuwa imeharibika, tunasubiri kipuri, na altrasaundi ya jicho hatukuwa nayo. Akapelekwa hospitali kubwa ya mbali, nao wakaona tulichokiona, uvimbe mweusi katika jicho la mzee, na kwa kuiogopa saratani ambayo ikishatoka jichoni hukimbilia ini, jicho likatolewa. Maabara ilipolikata haikukuta saratani. Ilikuwa damu, ile ya uzeeni inayovuja kutoka kwenye mishipa mibovu chini ya retina, ikajikusanya na kuganda ikawa nyeusi. Alirudi kwetu na jicho la bandia lililomfaa vizuri kabisa. Alinisalimia kwa furaha kama siku zote. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Baadaye nilijua kwamba hatukuwa peke yetu, na kujua huko hakunipunguzia kitu. Mwaka 1964, huko Marekani, daktari Ferry alichunguza macho yaliyotolewa kwa dhana ya melanoma, akakuta karibu moja katika kila matano halikuwa na melanoma. Kufikia mwaka 1990, katika utafiti mkubwa wa vituo vya Marekani na Kanada uliotumia picha, fluoresini na altrasaundi kwa utaratibu mmoja, macho 413 yalipotolewa na kukatwa, 411 yalikuwa na melanoma kweli. Kutoka moja katika matano hadi mawili katika mia nne na zaidi. Utafiti huohuo mwaka 2001 ulionyesha, kwa wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa kadiri, kwamba waliotolewa jicho hawakuishi zaidi ya wale walioshonewa kibamba cha dhahabu chenye mbegu za iodini ya mionzi nyuma ya jicho na kuachiwa jicho lao. Nikizisoma takwimu hizo namwona bibi yule akipima bizari.

Damu ile leo isingemdanganya mtu kwa urahisi. Nimeona kwa macho yangu namna vijana wanavyofanya kazi kwenye kliniki ninayotibiwa mimi sasa, na wakati mwingine natamani kulia, kwa furaha. Altrasaundi inapeleka mlio ndani ya doa na kusikiliza: melanoma kwa kawaida hurudisha mwangwi mdogo, kana kwamba ndani ni tupu. Mashine ya OCT, iliyotangazwa mwaka ule ule wa 1991 kreti letu liliposhuka, inaipasua retina kwa mwanga tu, bila kuigusa, na kuonyesha matabaka yake moja moja kama kitunguu kilichokatwa. Maji yakiwa yamejipenyeza chini ya retina, hata yale membamba yasiyofikia sehemu ya kumi ya milimita, yanaonekana kama ufa mweusi. Kuna picha ya kijivu inayopigwa bila kudunga mtu chochote, ambayo hufanya lipofusini, ule uchafu wa rangi ya chungwa unaotapakaa juu ya doa lenye hila, ung’ae wenyewe. Sisi rangi hiyo ya chungwa tuliitafuta kwa macho makavu, juu ya kahawia, gizani. Nadhani mara nyingi tuliikosa.

Na wameyafunga hayo yote katika kanuni inayokaririka. Madaktari wa saratani za macho wa Philadelphia, Carol Shields na wenzake, walianza kuipanga miaka ya 1990, na mwaka 2019 wakaitoa upya kwa kufuata picha: unene kupita milimita 2, maji chini ya retina, kuona kumepungua, rangi ya chungwa, mwangwi tupu, kipenyo kupita milimita 5. Kadiri doa linavyokusanya haya mengi, ndivyo linavyokaribia kugeuka. Lisipokuwa na hata moja, mtu aende nyumbani akalale. Ilikadiriwa kwamba miongoni mwa Wamarekani weupe nevasi moja tu katika 8,845 hugeuka melanoma kwa mwaka. Laiti mzee wangu wa kisiwa angeambiwa hivyo mwaka 1989, badala ya “tutaona mwakani”.

Kamera nazo zimepanuka. Ya kwetu iliona nyuzi 30 kwa mara moja, sehemu ya katikati tu. Doa la pembeni lilibaki kazi ya penseli. Zipo sasa za leza zinazoona nyuzi 200, karibu jicho zima, hata bila kupanua mboni. Ila rangi yake si ya kweli. Zinajenga picha kwa leza mbili, nyekundu na kijani, na doa ambalo mimi ningelipaka kahawia linajitokeza lina ukijani wa majani makavu. Vijana hawashtuki. Wanaitenganisha picha, wanaitazama kwa mwanga mwekundu peke yake, ambao huzama ndani zaidi: doa likionekana vizuri kwenye nyekundu na kufifia kwenye kijani, liko kwenye koroidi. Wameacha kuamini rangi, wanaamini kina. Nami nimekubali, ingawa mkono wangu haujakubali.

Na hata simu. Nakuru, mwaka 2013, watafiti waliokuwa wakiwafuata watu wa vijijini walijaribu kupiga picha za neva ya jicho kwa simu ya mkononi yenye kifaa kidogo mbele yake, wakakuta inashindana na kamera ya mezani. Nilipoiona picha ya namna hiyo nililikumbuka kreti letu, na watu wanne walioliteremsha kwenye lori.

Kilichopotea ni nini basi? Ile nusu saa, kwanza. Sasa ni dakika nne, na mtu wa mashine hajui kama mgonjwa ana mtoto Mombasa. Lakini mgonjwa naye amepata kitu ambacho mvuvi wangu alikipata kwa mchoro tu: anageuziwa kioo, anaona nyuma ya jicho lake mwenyewe, duara kama mwezi wa kumi na tano, na kijana anamwonyesha kwa kidole. Nimewaona wazee wakikaa kimya mbele ya picha hiyo kama watu walioonyeshwa kaburi la babu yao.

Lililo zito zaidi kwangu ni kumbukumbu. Mafaili yetu ya kaki yaliliwa na mchwa, sikatai. Mchwa walikula michoro saba kati ya tisa ya mzee. Ila mahali fulani ninapopajua walibadilisha mashine, na picha za miaka sita zikabaki ndani ya ile ya zamani, hazikufunguka kwenye mpya. Hakuna aliyeona ni msiba. Mashine mpya ilikuwa na picha kali zaidi! Kali, lakini za leo. Picha ya doa bila picha ya mwaka jana ni nusu ya picha, hata iwe kali namna gani, kwa sababu kukua hakuonekani kwenye picha moja. Nimewaambia wanaonisikiliza: mgonjwa mwenye doa apewe nakala yake mkononi, kwenye simu yake, kwenye karatasi, popote, aihifadhi kama hati ya shamba. Wengine wanafanya. Wengi bado.

Sasa nina miaka 64. Mwaka jana nilikwenda kupimwa miwani, maana maandishi ya msahafu yameanza kuelea, na yule kijana wa picha, ambaye huniita Mama na hunipa kiti kabla sijasalimia, akaniwekea kidevu kwenye kikalio. Taa ilikuwa ya kijani, si nyekundu. Mwale wenyewe ni mdogo. Zambarau ilikuja ikaondoka upesi. Nikasikia ameacha kubonyeza.

“Mama,” akasema, “kuna kitu kidogo. Usiogope.”

Akanigeuzia kioo. Jicho la kushoto, upande wa juu. Kivuli cha wingu juu ya bahari. Nilikiona kabla hajakionyesha, na nilishukuru kwamba bado naweza. Akaleta OCT: hakuna ufa. Akaleta ile ya kijivu: hakuna kinachong’aa. Altrasaundi ikatoa unene wa milimita 1.1. Juu ya doa kulikuwa na druseni, nyingi, manjano, zimetawanyika kama bisi. Nilishusha pumzi, naye akaisikia.

Kisha akaanza kupima, akavuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo, ukingo ambao kwenye jicho kama langu, kahawia juu ya kahawia, leo utauweka hapa na kesho mwenzako atauweka pale. Nikamwomba aikuze picha. Akaikuza. Kushoto kwa doa mshipa mmoja mwembamba ulikuwa unagawanyika panda, tawi moja limenyooka, la pili limelala kuelekea kwenye kivuli.

“Anzia hapo, mwanangu,” nikamwambia. “Panda haihami.”

Akaitazama kidogo. Akaweka alama kwenye panda, akavuta mstari mfupi hadi kwenye ukingo wa doa, mashine ikaandika milimita 0.7. Kwenye kisanduku cha maelezo akaandika mahali penyewe, saa 11, nami nikasoma saa tano.

“Miezi sita, Mama,” akasema. Nikafungua mkoba nikampa simu yangu, ili aniwekee picha.